Mwaka Niliomsalimu Baba Wande

Tulimzika Mzee Luhende kwao Dutwa, msimu wa kuchuma pamba, na kaburi lilipokwisha kufukiwa mchungaji akatangaza kwamba waliowahi kufanya kazi na marehemu wapewe nafasi ya kusema neno. Walisema wengi. Mzee mmoja aliyekuwa naye kwenye chama cha ushirika alisema Luhende hakuwahi kumpunja mkulima kwenye mizani. Shemeji yake alisema alikuwa mtu wa kuthubutu. Kwamba alipopunguzwa kazi hakukaa barazani kuilaumu serikali, bali alishuka Lamadi akafungua kambi ya wageni wakati huku kwetu mgeni alikuwa mtu wa kulala bure, na kwamba biashara ile iliuawa na husuda za watu wa ziwani. Hapo nikatazama chini. Kipaza sauti kikaletwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mpishi wake, nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu, Mungu amlaze pema, nikakaa. Sikusema uongo. Lakini kambi ile haikuuawa na husuda, na anayejua zaidi yangu ni Nkwabi peke yake, aliyekuwa dereva wa boti, ambaye sasa kisukari kimemla macho na ukimuuliza ya zamani anageukia ukutani. Basi nitasema mimi. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Nitasimulia mwaka mmoja tu niliokaa ziwani, nikiwa msichana mkubwa, mwenye mdomo, na nisiyeamini mashetani.

Siku hizo hapakuwa na mkoa wa Simiyu. Simiyu lilikuwa jina la mto. Sisi wa Bariadi tulihesabiwa Shinyanga, na ukifika Lamadi ulikuwa umeingia Magu, mkoa wa Mwanza, kwa watu wa maji. Zilikuwa enzi za ruksa. Ushirika ulikuwa unakata roho, wanunuzi binafsi wa pamba wamekuja na malori yao na mizani yao, na madukani vimejaa vitu tulivyokwisha kuvisahau: sabuni za kunukia, mafuta ya kupikia kutoka Kenya, mashati ya mitumba yenye maandishi ya kizungu mgongoni. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Luhende akaona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwamba wale wanunuzi wa pamba, na wahandisi wa barabara, na Wahindi wenye viwanda Mwanza, walikuwa na Jumamosi na Jumapili na hawana pa kuzipeleka, na kwamba miongoni mwao wamo watu wanaovua samaki kwa raha. Akanunua mahema ya kijani yaliyoachwa na mradi mmoja wa barabara, akanunua boti ya injini, akaomba ghuba moja dogo pembeni mwa kijiji, akapewa. Mimi alinichukua kwa kuwa nilijifunza kuoka mkate kwa masista. Alisema mzungu hawezi kuvua bila mkate.

Jiko langu lilikuwa kibanda cha matete, na matete hayazuii kitu. Moshi ulitoka kote, upepo uliingia kote, na maneno yalipita kama hakuna ukuta. Aliyeketi kwenye hema la chakula akinong'ona, mimi niliyekuwa nimeinamia sufuria nilimsikia mpaka pumzi. Nilioka mkate ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Asubuhi wageni walikula mayai na chai ya rangi, mchana walikula majini walichobeba, jioni nikawakaangia minofu ya sangara iliyopakwa unga na ndimu. Sisi wafanyakazi tulikula vichwa. Sangara wa ghuba lile walikuwa na vichwa ambavyo kimoja kilijaza sufuria, na mchuzi wake na nyanya na ugali wa mtama ulikuwa chakula cha kukufanya umsahau mama yako. Nilinenepa. Nguo nilizotoka nazo Dutwa zilinibana kabla mvua hazijaisha, na Nkwabi akawa ananiita Mama Sangara.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa ajabu. Walikuwa na fimbo nyembamba zenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, na masanduku yaliyojaa samaki wa bandia wa kila rangi, wenye macho ya kuchora na ndoano tumboni. Mtu alishinda juani siku nzima, akapigana na sangara mpaka mikono ikatetemeka, akamvuta, akampima, akapigwa naye picha, kisha akamshika mkia taratibu akamtikisa majini mpaka samaki akapata nguvu, akamwachia. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilipiga kelele kutoka ufukweni kwamba kaponyoka. Walicheka sana. Nkwabi, ambaye alizaliwa palepale, hakucheka. Alikuja jikoni kuchukua chai akaniambia, "Mtu anavua hana njaa, Kabula. Huyo anatafuta kitu kingine." Nikamwambia anatafuta raha, pesa zimemzidi. Akasema, "Haya."

Lililonishangaza zaidi ni ghuba lenyewe. Ukitoka nje ya mlango wake, pale mawe mawili yanapotazamana, ziwa lilikuwa limejaa mitumbwi, nyavu za sangara, kelele, kokoro, nyavu ndefu za kukokotwa, zikivutwa kwa nyimbo. Ndani ya ghuba hapakuwa na wavu hata mmoja. Mitumbwi ilifika kwenye mawe, ikazunguka, kana kwamba pana uzio. Hata watoto hawakuogelea. Nilimuuliza Luhende, akasema hayo ni mambo ya wenyeji, wao wana mwiko wa wavu mahali hapa, na fimbo siyo wavu. Alilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyepata kipande cha shamba kilichoachwa. Aliwapelekea wazee ng'ombe, wazee wakajadili, wakakubali kwamba mwiko unataja wavu na hautaji fimbo. Nikaona ni akili. Sangara wasiovuliwa hukua, na wageni waliwafuata hao wakubwa kutoka mbali.

Kuni za jiko aliniletea mwanamke wa kijijini aliyeitwa Mama Wande. Alikuwa mrefu, si mzee, na mtu angeweza kumwita mzuri kama si nywele. Wanawake wa kule walinyoa au walisuka. Yeye alikuwa na nywele zisizochanwa, nyingi, amezifunga kwa kitambaa na zimekishinda kitambaa. Alitua mzigo, akakaa kwenye kigoda kando ya mafiga, na kila aliyepita njia ya kisimani alimsalimu kwa namna moja: "Mwangaluka, Mama Wande. Mwenzio kaamkaje?" Naye alijibu, "Kaamka salama. Yuko kazini." Nikajua ana mume, na mume ni mvuvi, na kwa kuwa sikumwona nikajua anavua usiku na kulala mchana. Kwa nini niwaze lingine? Nami nikaanza kumsalimu hivyohivyo, kwa adabu, kila asubuhi, na kila asubuhi akanijibu kwamba kaamka salama.

Siku moja akaniomba, "Mpishi, nibakishie na cha mwenzangu." Nikampakulia ugali, na juu yake kipande kizuri cha kichwa, maana mwanamume wa kazi. Akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, akakirudisha kwenye sufuria yangu. "Huyu hali samaki." Nikacheka, nikasema leo nimesikia mvuvi asiyekula samaki! Akasema, "Anashinda nao," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba fundi hapendi kelele za nyundo nyumbani. Nikaweka mlenda badala yake. Akabeba sahani mpaka kwenye mwamba mmoja bapa ulioingia majini, akaiweka pale, akarudi nyuma kidogo, akakaa akiwa ameipa kisogo. Baadaye akaniletea sahani tupu, imesuguliwa kwa mchanga. Ikawa desturi. Watu wamenieleza tangu hapo kwamba walikuwa ndege, na huenda walikuwa ndege. Mimi mlango wangu ulitazama mwamba ule mchana kutwa, nikiwa namenya au napepeta, na sikuwahi kuona ndege akitua.

Kuna mgeni aliyesahau suruali nzuri ya kaki. Luhende akasema nimpe mtu, nikampa Mama Wande ampelekee mumewe. Aliifungua, akaipima kiunoni kwake mwenyewe, akaikunja. "Itamtosha," alisema. "Amekonda." Nilimwonea huruma yule mwanamume kwa kazi ngumu. Leo nikikumbuka mikono yake ikiikunja suruali ile, mguu juu ya mguu, naacha kazi ninayoifanya, na mimi ni bibi mwenye wajukuu sasa.

Nilikuja kumuuliza Nkwabi mchana mmoja, jua kali, amekaa kwenye kivuli cha boti anasafisha plagi za injini. "Huyu mume wa Mama Wande mbona simwoni? Hata sikukuu haji?" Nkwabi hakuinua kichwa. "Usiombe umwone." Nikasema nini maana yake. Ndipo akaniambia, polepole, akifuta plagi ileile. Baba Wande aliingia ghubani humo na mtumbwi na wavu wake, watu wanamtazama, na upepo ukashuka. Mtumbwi uliokotwa mbali, umepinduka. Yeye hakuonekana, wala wavu wake. Walimtafuta mpaka wakachoka. "Na huku kwetu," Nkwabi alisema, "maji yakila mtu yasipomtoa, huyo hajafa. Yuko majini. Halitupwi wavu hapo, hatukai matanga, mke hanyoi, hakuna anayelia. Tunamsalimu tu. Siku yakimtoa, au yakitoa kitu chake, ndipo anazikwa, na ghuba linafunguliwa." Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema mtoto wao Wande alikuwa ananyonya, na sasa anachunga mbuzi kwa babu yake. Nikatazama yale maji ambayo nilikuwa nayachota kwa chai, na nikakumbuka vichwa vyote nilivyokula.

Siku iliyofuata nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa pamba angelifanya. Kwetu, kumwona mfiwa ukapita bila kumpa pole ni ukatili, na mimi nilikuwa nimepita mwaka karibu mzima. Mama Wande alipotua kuni nikamshika mkono, machozi yananilenga, nikamwambia, "Pole sana, mayu. Nimesikia. Mungu akutie nguvu." Aliutoa mkono wake kwenye wangu kama aliyeungua. "Umemzika," alisema. "Umemzika kwa mdomo, na bado yuko majini." Aliondoka akaacha kuni, akaacha kamba yake, na nilisimama pale na mkate ukaungua.

Haikupita muda wakaja wanawake, na mbele yao Bibi Holo, dada yake mkubwa Baba Wande, kikongwe mfupi anayetembea kwa fimbo. Nilidhani wamekuja kunipiga. Bibi Holo hakuwa na hasira. Alisema, "Wewe unatoka huko juu, hujui. Lakini umesema, na maji yamesikia. Sasa utakwenda umsalimu mwenyewe, ili ajue bado yupo." Ilikuwa asubuhi ya kweupe. Wadudu wa ziwani walikuwa wametoka siku hiyo, wale wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi, na nguzo moja ilikuwa imesimama ndani ya ghuba, haiendi. Wakanivua kandambili. Nikaingia majini mpaka magotini, wageni kwenye hema la chakula wananitazama na vikombe mkononi. Bibi Holo akaniambia niseme. Nikasema, "Baba Wande, mwangaluka. Umeamkaje?" Sauti yangu ilinitoka ndogo. Nikageuka nitoke. "Bado," alisema Bibi Holo. "Ngoja akujibu." Ukiwa umesimama ndani ya maji unangoja jibu, unaanza kusikia kila kitu: mchanga ukinyonywa chini ya nyayo, mapovu, kigurudumu cha mshipi wa mgeni mmoja kikizungushwa bila sababu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Kisha yakawa baridi, kwenye miguu yangu tu, kama mlango umefunguliwa karibu. Nilitaka kukimbia na sikuweza. "Haya, amejibu," Bibi Holo akasema nyuma yangu, na wanawake wote wakaguna kukubali. Sijui walisikia nini. Sikuuliza, wala sikula tena kichwa cha samaki kambini pale. Nilikula ugali kwa mlenda na michembe ya viazi vikavu, nikakonda, na Nkwabi akaacha kuniita Mama Sangara.

Tangu hapo masikio yangu yakawa macho. Nilijua kwamba ndani ya ghuba palikuwa na mahali ndoano ziliponasa, karibu na jiwe la mashariki, na wageni walipoteza hapo samaki wao wa bandia wakatukana kwa lugha zao. Nilidhani ni kisiki. Basi jioni moja, jua bado liko juu, Luhende aliketi na mwenzake wa Mwanza kwenye hema la chakula, nami nakuna nazi iliyoletwa na mgeni. Yule wa Mwanza alimsifu kwa kupata ghuba la bahati. Luhende akacheka. "Bahati gani, bwana. Ni yule bwana ndiye ananilindia samaki. Siku akipatikana wataingia hapa na kokoro, na mwezi haupiti mimi nimerudi Dutwa." Kisha akamwita Nkwabi, na hapo hakucheka. "Pale panaponasa usiwapeleke wageni tena. Umenisikia? Wapeleke huku kwenye mafunjo." Nkwabi akasema, "Ndiyo, mzee." Nilibaki nimekalia mbuzi, kifuu cha nazi mkononi. Sikuwa mtoto, niliona kwamba Luhende anashuku kilichoko chini pale, na kwamba anakihitaji kikae chini. Na alikuwa mwema, ndiyo shida! Alikuwa ameyagharimia matibabu ya mama yake Nkwabi, na hakuna siku aliyopita mbele ya Mama Wande bila kuvua kofia na kumuuliza, kwa Kisukuma cha heshima, mwenzio kaamkaje. Mimi ndiye niliyeanza kuisikia salamu ile vingine. Wengine walimsalimu Baba Wande ili asipotee. Luhende alimsalimu ili asitoke.

Wageni hawaelekezeki. Mhandisi mmoja, mtu mkubwa mwenye ndevu nyekundu, aliambiwa na wenzake kwamba panaponasa ndoano ndipo wakaapo sangara wakubwa, na akamlazimisha Nkwabi. Walirudi mchana, mhandisi anacheka, ndoano yake imeleta takataka. Aliitupa mezani kwangu kama zawadi: kipande cha wavu wa nailoni mweusi kwa tope, na katikati boya. Wavuvi wa kule hukata maboya yao kutoka kwenye kandambili zilizokwisha, na kila mmoja hukata kwa umbo lake ili asigombanie wavu na jirani. Hili lilikuwa la rangi ya bluu, limekatwa kama jani la mhogo, tundu lake limechomwa kwa msumari wa moto. Nkwabi alisimama mlangoni, akaliona, akageuka akatazama ziwa. Luhende akaingia. Alilitazama, akaniambia bila kunitazama mimi, "Kabula, hilo tia motoni." Nikasema, "Ndiyo, mzee," akatoka. Moto ulikuwa pale, umbali wa mkono. Nilijua nikilitia, nina kazi, na mshahara, na mkate wa kuoka mpaka Luhende azeeke. Nilijua pia kwamba kesho asubuhi yule mwanamke atatua kuni na mimi nitamuuliza mumewe kaamkaje. Nililifunga boya kwenye pindo la kanga.

Asubuhi alipokuja sikumsalimu. Nililiweka mkononi mwake. Alilishika, akalipapasa kingo, akapitisha kidole kwenye tundu. "Hii ni kandambili yangu," alisema. "Alinikatia, nikamgombeza." Akaniuliza limetoka wapi, nikamwonyesha jiwe la mashariki. Hakupiga kelele. Alikunja kamba ya kuni vizuri, akatembea mpaka kwenye hema la Luhende, nami nikamfuata, maana nilikuwa nimekwisha kujifukuza kazi na sikuwa na cha kuogopa. Luhende alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo kidogo kilichotundikwa mtini. Alimwona kiooni, akageuka na povu shavuni, na ulimi ukatangulia mawazo, kwa mazoea: "Mwangaluka, Mama Wande. Mwenzio kaamkaje?"

"Ameamka," alisema Mama Wande. "Anaomba boti."

Povu lilikauka shavuni. Angeweza kusema injini mbovu, angeweza kusema wageni wameikodi, na walikuwa wameikodi kweli. Lakini kwa muda wote huo alikuwa amemsalimu mtu yule kama aliye hai, mbele ya watu, kofia mkononi. Na mtu aliye hai akikuomba boti, jirani yako, utamwambiaje? Alimtazama Mama Wande, akanitazama mimi, akaelewa yote. Kisha akamwita Nkwabi. "Tia petroli," alisema. Alimalizia kunyoa upande uliobaki bila kutazama kioo, akajikata.

Nilitaka kubaki ufukweni, lakini Bibi Holo aliniambia, "Wewe ulimzika, wewe utamtoa." Tukaenda mimi, Nkwabi, Mama Wande na wanaume wawili wa ukoo. Nje ya mawe mitumbwi ilikuwa imekwisha kukusanyika, mingi, watu wamesimama ndani yake hawasemi, makasia yameinuliwa. Nkwabi alishusha nanga ndogo ya kucha, ikashika mara ya kwanza. Tulivuta. Kulikuja tope kwanza, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, kisha maboya ya bluu, moja, jingine, kisha wavu wenyewe umejisokota, umejaa magugu na samaki wa bandia wa wageni, wekundu, wa kijani, wa fedha, wananing'inia na macho yao ya kuchora. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua, Nkwabi alikuwa anapekua kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo, na usoni kwake niliona kabla hajasema. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mfupa, wala nguo, wala chochote; wavu tu. Tulipofika ufukweni mimi na Nkwabi tuliushusha sisi wawili, na haukuwa mzito, nimebeba magunia ya pamba mazito kuliko ule. Bibi Holo akamwangalia wifi yake. Mama Wande alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ule wavu kama unavyompima homa mtu aliyelala. "Ni yeye," alisema. Wakaukunja ndani ya shuka jeupe.

Sasa hili nililiona kwa macho yangu, mchana, na sikuwa nimekunywa kitu. Wanaume wanne waliinua shuka lile kulipeleka kijijini, na hawakufika mbali wakaliweka chini, wanahema, shingo zimewatoka mishipa. Wakaja wengine wanne. Nao wakaomba kupokewa kabla ya kisima. Walikuwa wavuvi, watu wa kuvuta kokoro tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Njia ilikuwa ya mchanga na nyayo zao zilizama. Kwenye mti wa mwisho njiani Luhende, mtu wa ofisini, aliyesimama nyuma na kofia kifuani, aliitia kofia mfukoni, akaenda akashika pembe moja. Hakuna aliyemwambia. Alibeba mpaka kaburini na hakukubali kupokewa, jasho linamtoka na damu ya wembe inatiririka shavuni. Ndiyo maana nilisema kwenye mazishi yake kwamba alikuwa mtu wa watu. Kesho yake ghuba lilifunguliwa, nyavu zikaingia kutoka pande zote, na kabla ya mvua nyingine sangara wakubwa walikwisha. Wageni wakahamia kwingine, mahema yakauzwa kwa wauza mitumba, na mimi nikarudi Bariadi. Hakuwahi kunilaumu. Kila tulipokutana sokoni aliniuliza habari za watoto, akaangalia pembeni.

Lakini siku ile ya kaburi bado haijaisha. Waliteremsha shuka kwa kamba, na kamba zililia kwenye mikono yao. Bibi Holo alimkalisha Mama Wande kwenye ngozi, akamnyoa, na zile nywele zote za miaka zikaanguka mapajani mwake, chini yake akatokea msichana, mwenye shingo nyembamba, labda ananizidi kidogo tu umri. Sikuwa nimejua. Watu wote wa kijiji walikuwa pale na hakuna aliyelia, maana haikuwa haki ya mtu mwingine kuanza. Bibi Holo alifuta wembe kwenye kanga. "Haya," alimwambia. Mama Wande alifungua mdomo, na mwanzoni hakikutoka kitu; alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyesahau namna ya kufanya jambo. Kisha akaita jina la mumewe, siyo Baba Wande, jina lake mwenyewe, Masanja, ambalo mwaka mzima sikuwahi kulisikia, akaliita tena, na kilio kikamtoka kikubwa mpaka ndege wakaruka kwenye mafunjo na watu kwenye mitumbwi wakavua kofia. Alilia akigaagaa, alilia amesimama, alilia akimtukana, alilia mpaka jua likashuka na sauti ikamkauka. Kwetu mfiwa akilia hivyo wazee humshika bega na kumwambia nyamaza, mama, yatosha. Siku ile hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.